Kundi ndilo njia yao

Upepo ndio mzigo wa kwanza wa mwendesha baiskeli. Barabara ikiwa tambarare na mwendo ukapita kilomita 20 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu anazotia mtu kwenye pedali huliwa na hewa iliyo mbele yake. Anayefuata gurudumu la mwenzake kwa karibu huokoa kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu hizo, kwa kuwa aliyetangulia ameshaipasua hewa kwa niaba yake. Ndiyo sababu ukisimama kando ya Southern Bypass Jumapili alfajiri utawaona wakipita kwa safu, gurudumu nyuma ya gurudumu. Baada ya muda, aliye mbele hujitoa kando, akapunguza mwendo, akateremka hadi mkiani kupumzika, na wa pili akaishika zamu bila kuambiwa. Zamu hiyo haiangalii nani ni tajiri. Daktari hukata upepo kwa ajili ya fundi, na fundi kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo.

Mwendesha baiskeli wa kawaida wa Kenya hana wa kumkatia upepo. Ni mlinzi wa usiku anayetoka Kangemi kwenda Lavington jua likizama, ni muuza maziwa aliyefunga mitungi kwenye karia, ni kijana anayesambaza mkate madukani kabla hakujapambazuka. Huendesha peke yake, pembezoni kabisa, pale lami inapomeguka na kuwa changarawe, na akisikia honi ya matatu nyuma yake hushuka mtaroni kabla hajasukumwa. Hakuna anayemhesabu. Mipango ya barabara huchorwa kana kwamba hayupo, na akigongwa habari yake haifiki gazetini. Kwa muda nimekuwa karibu na watu wa klabu za baiskeli za Nairobi na Kiambu, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoamini kwamba kazi yao kubwa si medali. Wanamtoa mtu katika upweke huo wa pembezoni mwa barabara, wanampa wenzake, na wenzake hao wanakuwa kwake ulinzi, shule na wakati mwingine riziki.

Anayetaka kuliona hili kwa macho na aende Kikuyu, kama kilomita 20 magharibi mwa Nairobi, kisha aulize njia ya kijiji cha Mai-a-Ihii. Hapo ndipo David Kinjah, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, aliifanya nyumba yake ya mabati kuwa makao ya klabu ya Safari Simbaz. Kinjah ni mtu wa rasta ndefu na maneno ya taratibu. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola zaidi ya mara moja, na aliwahi kwenda Italia kuendesha katika timu ya kulipwa, jambo ambalo kwa Mkenya wa wakati huo lilikuwa karibu na muujiza. Baada ya hayo yote alirudi kijijini. Kuta za nyumba yake zilijaa fremu kuukuu, magurudumu, jezi na vikombe, na uani hapakukosa baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, kijana amechuchumaa pembeni yake, mikono imejaa grisi.

Vijana wa mitaa ya karibu hawaendi pale wakiwa wanamichezo. Huenda kwa sababu wana baiskeli mbovu, au kwa sababu hawana baiskeli kabisa na wamesikia kwamba kuna mtu anayekubali watoto waguse zake. Utaratibu wa pale ni kwamba hutengenezewi. Unaonyeshwa, kisha unatengeneza. Mtoto hujifunza kwanza kuziba pancha: kuitoa tyubu bila kuitoboa kwa spana, kuitia ndani ya karai la maji na kutafuta mapovu, kuisugua kwa msasa, kupaka gundi na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Kazi hiyo inataka subira, na wengi huikosea kwenye kukausha gundi. Kisha huja kwenye cheni, breki na waya zake, na baadaye sana kwenye kazi ya mafundi wakubwa, kunyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza spoki hii na kulegeza ile, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi gurudumu lizunguke bila kuyumba.

Mtoto aliyeijua kazi hiyo ana kitu ambacho hakiwezi kuchukuliwa hata kama hatashinda mbio hata moja maishani. Nairobi ina maduka ya baiskeli, ina kampuni zinazowaongoza watalii kwa baiskeli kwenye Hell's Gate na mashamba ya chai ya Limuru, ina watu wenye baiskeli za bei ghali ambao hawajui kufungua gurudumu. Wote hao wanamhitaji fundi. Ndiyo maana nasema Safari Simbaz ni chuo cha ufundi kilichovaa jezi ya michezo, na hilo nalisema kwa heshima. Wakubwa huwafundisha wadogo. Chakula hupikwa na kuliwa pamoja baada ya mazoezi, na shule haichezewi, kwa sababu kocha anayeishi mtaani mwenu anajua siku ambayo hukwenda darasani.

Ulimwengu uliisikia Mai-a-Ihii kwa sababu ya mtoto mmoja. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 kwa wazazi wenye asili ya Uingereza. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 12, mama yake, Jane, alimkabidhi kwa Kinjah ili apate wa kuendesha naye. Kijana huyo mwembamba alikula walichokula wenzake, akalala walikolala, akahangaika kuwafuata wakubwa kwenye milima wakati ambapo miguu yake ilikuwa bado haijakomaa. Akaenda Afrika Kusini kusoma. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, na mwaka 2008 akahamia bendera ya Uingereza. Mwaka 2013 akashinda Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli duniani, kisha akayashinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017.

Waandishi walimiminika Kikuyu baada ya hapo, na karibu wote waliandika habari ya mzungu aliyetokea kwenye vibanda vya mabati. Kwangu mimi habari kubwa ni ile iliyobaki baada ya magari yao kuondoka. Kwa kila Froome aliyepata shule ya nje, pasipoti ya pili na timu ya Ulaya, palikuwa na vijana kadhaa waliopanda milima hiyohiyo kwa baiskeli zilizoungwaungwa kwa vipuri vya mitumba, ambao milango hiyo haikuwafungukia. Klabu haikuwatupa. Baadhi yao ndio makocha, mafundi na waongozaji wa leo, na uani kwa Kinjah wadogo wapya wameendelea kuja. Mtu akiniuliza ushindi wa klabu ile uko wapi, nitamwonyesha hao kabla ya kumtajia Tour de France.

Na sasa tupande barabara. Safari ya kundi kutoka Kikuyu huelekea Limuru, ukipanda taratibu kati ya mashamba ya chai na vitalu vya sukumawiki, mwinuko ukiwa tayari umepita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba na asubuhi kuna ukungu unaokaa kwenye kope. Mwendo wa mwanzo ni wa mazungumzo, yaani kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, basi unakimbia mno. Wanaoendesha mbele huinua mkono wanapotaka kusimama, huonyesha kidole chini upande wa shimo, hupunga nyuma ya kiuno wanapolikaribia gari lililoegeshwa. Neno hupokezwa kutoka mdomo hadi mdomo. "Shimo!" "Gari nyuma!" "Mchanga!" Aliye katikati ya kundi haoni kitu mbele yake isipokuwa mgongo wa mwenzake, hivyo anaishi kwa kuamini ishara hizo. Mgeni hulifahamu jambo hili haraka kuliko maelezo yoyote: ukiliona shimo ukanyamaza, anayeanguka ni wa nyuma yako.

Kisha ardhi inakatika. Baada ya Limuru bonde la ufa hujifungua upande wa kushoto, Longonot imesimama peke yake, Suswa iko mbali kwenye vumbi, na barabara ya zamani ya Mai Mahiu inateremka ikizungukazunguka kwenye ukingo. Wafungwa wa vita kutoka Italia ndio waliofanya kazi katika barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko chini pale, pembeni mwa njia. Kushuka kunataka nidhamu kuliko ujasiri. Malori yanayokwenda Narok na Naivasha hutambaa kwa gia ya chini, breki zao zikinuka, na mwendesha baiskeli mwenye akili huacha nafasi ndefu kati yake na mwenzake, hashiki breki kwa mfululizo, hushika na kuachia ili rimu isipate moto ikapasua tyubu. Kundi lililobanana dakika kumi zilizopita sasa ni shanga zilizotawanyika mlimani.

Chini Mai Mahiu wanangojana. Hapa ndipo klabu inapopimwa, maana kuna wa kwanza kufika na kuna wa mwisho, na kati yao huenda ikapita nusu saa. Katika makundi mabovu wa kwanza hunywa chai, huinuka wa mwisho anapowasili na kuondoka naye bado anahema. Katika makundi mazuri kuna mtu mmoja mwenye nguvu, mara nyingi mwenye nguvu kuliko wote, aliyekubali tangu asubuhi kuwa mkia. Yeye hatapita mtu. Akitokea mwenye pancha, anasimama naye. Akitokea aliyeishiwa nguvu, anamgawia ndizi na kumtembeza pole pole hadi mlima uishe. Nimewahi kuuona mlima wa kurudi kutoka Mai Mahiu ukimfanya mtu mzima alie, na nimemwona huyo wa mkiani akikaa ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine mgongoni kwa mwenzake, akimsukuma bila kusema neno. Kazi hiyo haina kikombe, na kila kundi linalodumu nimelikuta na mtu wa namna hiyo.

Kundi hili lina babu zake, tena si wa Ulaya. Kabla ya suruali za kubana na kofia ngumu, wapanda baiskeli wa ukanda huu walikuwa tayari wana vyama. Bodaboda zilipoanza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, zilikuwa baiskeli nzito zenye kiti cha sponji juu ya karia. Biashara hiyo ilisambaa Kisumu, Bungoma, Mumias na kwingineko, na kila kituo kikawa na utaratibu wake wa zamu, mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Mwenzao akiumia, wanachanga. Akifiwa, wanakwenda msibani kwa msururu wa baiskeli. Ukivuka hadi Shinyanga na Mwanza utawakuta Wasukuma waliozaliwa juu ya baiskeli, wakibeba abiria, magunia ya mpunga na wagonjwa, na siku za mashindano wakikimbia kwa baiskeli zilezile za kazi baada ya kuzifungua karia. Pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Utamaduni wa kuwekeana akiba na kuzikana haukuondoka na baiskeli, na klabu za mjini za leo zimeurithi, wajue wasijue.

Tukirudi Nairobi, mambo hubadilika, kwa sababu huko adui si mlima. Katika jiji hili zaidi ya asilimia 40 ya safari za kila siku hufanywa kwa miguu, na wanaoendesha baiskeli ni sehemu ndogo tu ya wasafiri, kwa sababu inayoeleweka na yeyote aliyejaribu kuvuka mzunguko wa barabara saa mbili asubuhi. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itatengwa kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi nzuri, tena ya mfano kwa Afrika. Zimepita zaidi ya miaka kumi. Barabara ya Thika ina njia za baiskeli kwa sehemu, lakini wachuuzi na pikipiki wamezifanya zao. Ngong Road ilipopanuliwa ilipata njia ya kando inayopendeza kwa kipande, halafu inakutupa kwenye nguzo ya umeme. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya magari yanayolipa, na chini yake mtu wa baiskeli akabaki akitafuta mahali pa kupita kati ya nguzo, vumbi na mabasi.

Ndipo kundi linapokuwa njia yenyewe. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Critical Mass Nairobi huwakusanya waendesha baiskeli wa kila aina kwa safari ya pamoja kupitia jiji. Chimbuko la safari za namna hii ni San Francisco, Marekani, mwezi Septemba mwaka 1992, na zimeenea katika mamia ya miji duniani, lakini ya Nairobi ina sura yake. Utaona baiskeli ya mbio ya kaboni kando ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kazi, iliyopakwa rangi upya na plastiki za rangi zikining'inia kwenye mikono ya usukani. Utaona watoto, wazee, wanafunzi, muziki unaotoka kwenye spika iliyofungwa kwenye karia. Kundi likiwa dogo hushika njia moja ya barabara, na likiwa kubwa huijaza, na kwa muda huo wa saa mbili au tatu jiji linalazimika kukiri kwamba watu hawa wapo.

Kuna ufundi ndani yake. Kwenye njia panda baadhi ya wenyeji wa safari hutangulia, wakasimama na baiskeli zao mbele ya magari yanayongoja, wakainua mkono kwa upole, wakawasalimia madereva na kuwaomba wavumilie kidogo mpaka wa mwisho apite. Kazi hii inataka tabasamu zaidi ya misuli. Dereva wa matatu ana haraka ya haki kabisa, siku yake inahesabiwa kwa safari, na ukimjibu kwa ukali utamfanya adui wa kila mwendesha baiskeli atakayekutana naye wiki nzima. Wenyeji wazuri wanalijua hilo. Nimeona makanga wakianza kwa matusi na kumaliza kwa kushangilia, wakigonga bodi ya gari kwa mdundo.

Ninaowatazama zaidi katika safari hizo ni wanawake. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambazo baiskeli ilikuwa ya mvulana. Msichana alikaa nyuma, kwenye karia, miguu upande mmoja. Wapo wanawake wa miaka 30 na 40 ambao hawakuwahi kufundishwa kuendesha, na wanaona haya kulijifunza jambo la kitoto mbele ya macho ya mtaa. Klabu zinazowafundisha watu wazima zinafanya kazi ambayo shule haziifanyi. Fundi hushusha kiti mpaka miguu yote ikanyage chini, huondoa pedali kabisa, na mwanafunzi husukuma kwa miguu kama anatembea, mpaka mwili wenyewe uijue mizani. Pedali hurudishwa baadaye. Baada ya hapo kuna Karura, msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya jiji ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, na ambao leo una njia za baiskeli zisizo na gari. Ukitoka Karura, Jumamosi ya mwisho wa mwezi inakungoja, na ndani ya kundi hakuna wa kukupigia miluzi bila watu mia kumsikia. Mwanamke aliyeanza hivyo, mwaka ujao anakwenda kazini kwa baiskeli. Mabadiliko hayo hayaonekani kwenye takwimu yoyote, lakini katika nyumba moja moja yanaonekana.

Klabu nyingi pia hufanya safari za hisani. Zinapeleka vitabu, taulo za hedhi na unga kwenye shule na makao ya watoto, zinapanda miti, zinachangia matibabu. Sina shaka na nia njema hiyo. Hata hivyo, nikiulizwa na klabu changa ianzie wapi, nitaiambia ianze na kile ambacho yenyewe tu inakiweza. Unga unaweza kuletwa na kanisa, msikiti au kampuni ya simu. Siku ya matengenezo, ambapo mafundi wa klabu wanakaa sokoni Kangemi au Githurai na kuzikaza breki za mlinzi, muuza maziwa na mtoto wa shule bila malipo, haiwezi kuletwa na mtu mwingine. Baiskeli nyingi za kazi katika nchi hii hazina breki za maana. Mwendeshaji husimama kwa soli ya kiatu. Waya mbili mpya na vipande vinne vya mpira vinaweza kumrudisha mtu nyumbani salama. Na akitengenezewa huku akitazama, amejua. Akijua, ameingia klabuni hata kama hajavaa jezi.

Fedha ni tatizo la kudumu, na lisifichwe. Baiskeli ya mbio inayofaa kushindana inagharimu zaidi ya mshahara wa mwaka wa wengi wanaoitamani. Klabu kama Safari Simbaz zimeishi kwa vipuri vya msaada, kwa baiskeli za mitumba na kwa ukaidi wa watu wachache. Tairi la mbio lililochakaa Ulaya huanza maisha mapya hapa, na cheni iliyokatika huungwa mahali ambapo fundi wa Ulaya angeitupa. Ukaidi huo unapendeza kuusoma, lakini unachosha kuuishi, na kampuni za Kenya zinazobandika picha za wapanda baiskeli kwenye matangazo yao zingeweza kufanya zaidi ya kubandika picha.

Kuna gharama nyingine isiyolipika. Tarehe 27 Agosti 2022 Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya ambaye wote walimwita Sule, alikufa katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Mwaka 2017 alikuwa amemaliza wa tatu Tour du Rwanda, na wakati wa kifo chake alikuwa nahodha wa Team Amani, timu ya Waafrika Mashariki iliyo na makao Iten. Sule alitaka mashindano yaje kwetu badala ya sisi kuomba viza kila mara, na Migration Gravel Race ya Maasai Mara, iliyoanza mwaka 2021, ilikuwa sehemu ya ndoto hiyo. Habari ya kifo chake ilipofika, klabu zilizokuwa zikishindana kila wikendi ziliendesha pamoja kwa ajili yake, kama walivyofanya wa bodaboda wa Kisumu kwa mwenzao. Team Amani imeendelea. Vijana wake wanapanda, wanashinda, wanaanguka, wanainuka.

Septemba mwaka 2025 Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka bingwa wa wanaume kwenye milima iliyowamaliza wengi, na wakazi wa Kigali walijipanga kando ya barabara hadi nafasi ikakosekana. Nilifurahi kama kila mpenda baiskeli wa ukanda huu. Lakini Rwanda haikuipata siku hiyo kwa kubahatisha. Walijenga klabu, wakaendesha Tour du Rwanda mwaka baada ya mwaka, wakazoea kuifunga barabara kwa ajili ya baiskeli mpaka ikawa jambo la kawaida. Kenya ina milima kama ile, ina miguu, ina jina la Froome inalolitaja kila mara kwa fahari. Kinachokosekana ni serikali za kaunti kuichukulia baiskeli kama chombo cha usafiri cha watu wao, na mahali pa kuanzia pako wazi: asilimia 20 ile ya bajeti ya uchukuzi iliyoandikwa Nairobi mwaka 2015. Haihitaji sera mpya wala kongamano. Inahitaji njia ya kando isiyoishia kwenye nguzo ya umeme, taa kwenye vivuko, na mahali pa kufungia baiskeli penye mlinzi kwenye vituo vya mabasi na vya reli.

Wakati tunangoja hayo, klabu zipo na milango yao iko wazi. Kwa anayetaka kujiunga na safari ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baiskeli yoyote inafaa mradi breki zote mbili zinashika. Jaza upepo usiku uliotangulia, uangalie tena asubuhi. Beba maji, tyubu ya akiba ya ukubwa wa gurudumu lako, pampu ndogo, na pesa kidogo za chai. Vaa kofia ngumu. Ukifika, mtafute mwenyeji na umwambie waziwazi kwamba ni mara yako ya kwanza. Atakuonyesha ishara za mkono, kisha atakuweka katikati ya kundi, na atakutajia jina la yule anayeendesha mwisho.